Likizo kubwa Lubumbashi: ni nani anayewaangalia watoto wetu wa miaka 11 hadi 15 tukiwa kazini?

Mama wa Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Wazazi wenzangu, nawasalimu nyote. Likizo kubwa imekaribia, na kila ninapopita nasikia swali lilelile kuhusu wadogo: nani atabaki na mtoto wa miaka 3, nani atampikia uji, nani atamlaza mchana. Kuhusu kaka na dada zao wakubwa sisikii swali lolote. Mtoto akishafika miaka 11 au 12 tunamhesabu kuwa mtu wa kuachiwa nyumba. Anafungua na kufunga lango, anawasha mbabula (jiko la mkaa), anapika bukari (ugali), anawaogesha wadogo zake, nasi tunatoka alfajiri tukiamini kwamba jambo la malezi limekwisha.

Tufanye hesabu pamoja. Shule hufungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, yaani takriban miezi miwili. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, Kongo (DRC), ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya mapumziko yenye malipo kwa kila mwezi kamili aliofanya kazi, na siku moja ya ziada kwa kila miaka 5 aliyokaa kwa mwajiri yuleyule. Aliyemaliza mwaka wake wa kwanza ana siku 12 za kazi. Baba na mama wakipokezana, kila mmoja akichukua zake kwa wakati wake, wanafikisha kama mwezi mmoja tu, na hapo bado hawajapumzika pamoja hata siku moja. Hao ni wale wenye mkataba. Mama anayeuza unga katika soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, hana siku 12 wala siku 1, kwa maana siku asiyofungua meza ndiyo siku asiyokula.

Hata wakati wa masomo shule hutusaidia kwa sehemu tu, kwa kuwa nyingi kati yake huwagawa wanafunzi kwa zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Kwa hiyo tumezoea mtoto mkubwa kuwa peke yake saa kadhaa kila siku. Likizo inapofika tunarefusha mazoea hayo kutoka saa 4 kwa siku hadi saa 11 kwa siku bila kujiuliza kama mtoto anaweza kuyabeba.

Ninaloliamini ni kwamba mtoto wa umri huu anahitaji mtu mzima mmoja anayejulikana, ambaye saa yoyote akiulizwa ataweza kusema mtoto yuko wapi na yuko na nani. Anahitaji pia shughuli iliyo yake mwenyewe. Kuwalea wadogo zake kutwa nzima ni kazi ya mama iliyohamishiwa kwake, na mara nyingi inahamishiwa kwa binti, huku kaka yake akiachwa azurure mpaka giza liingie.

Kuna hatari za msimu wetu ambazo naomba tusizichukulie kuwa ndogo. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na asubuhi za Julai ni za baridi kali kwa mtu asiye na blanketi la kutosha. Mtoto aliye peke yake huingiza mbabula chumbani, hufunga dirisha, kisha hulala. Gesi inayotoka kwenye makala (mkaa) haina rangi wala harufu, nayo huua familia nzima ikiwa usingizini. Kuna visima vilivyochimbwa ndani ya lupango (ua wa nyumba) na kufunikwa kwa kipande cha bati. Kuna nyasi kavu ambazo watoto huzichoma kuwinda panya. Na kuna hatari ambayo tunaizungumza kwa sauti ya chini mno: mpangaji, mjomba mgeni, sentineli (mlinzi) wa jirani, kijana anayekuja kuchaji simu, wote wanajua kwamba binti wa miaka 13 yuko peke yake hadi saa 12 jioni. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 dhidi ya ukatili wa kingono inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, lakini sheria huja baada ya jambo kutendeka, ilhali sisi tunataka lisitendeke.

Naomba kila mmoja aeleze alivyopanga, hata kama mpango wake ni wa kubahatisha.

Mama wa Katuba

Mama, asante kwa kufungua jambo hili, ingawa mahali pamoja nataka tuelewane. Mimi nauza sokoni, na mwanangu wa miaka 13 hukaa nami mezani tangu siku ya kwanza ya vakansi (likizo). Namwona kwa macho yangu. Anakula ninachokula. Amejifunza kupima, kurudisha chenji bila kukosea, na kumjibu kwa heshima mteja mwenye hasira, mambo ambayo shuleni hayafundishwi.

Tena kuna suala la fedha. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, nasi tulishukuru, lakini huyu wangu amemaliza darasa la sita na sasa anaingia la saba, ambako ada inaanza upya, pamoja na sare nyingine, viatu na madaftari. Anachosaidia kuuza katika Julai na Agosti ndicho kitakachomwingiza darasani. Ninyi mlio ofisini mkisema mtoto asikae sokoni, mniambie basi akae wapi, na ada itoke wapi.

Mwalimu wa Ruashi

Mama wa Katuba, hoja yako ni nzito na haistahili kujibiwa kwa lawama. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza mkataba wa kazi kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 16, lakini kijana anayemsaidia mama yake mezani, akiwa chini ya macho yake, hajaajiriwa na mtu, na kwa mawazo yangu yuko salama kuliko yule aliyefungiwa nyumbani na televisheni. Ninachopima mimi ni vitu vitatu: uzito anaoubeba, umbali anaotumwa peke yake, na saa anayoachiliwa.

Mtoto anayepima unga karibu na mama yake hayuko katika hali moja na yule anayepewa beseni la mayai ya kuchemsha akayatembeze kwenye baa hadi usiku, au anayebeba magunia kwa malipo, au anayepelekwa na binamu yake kuosha mawe ya madini. Hili la mwisho nalisema kwa uchungu, kwa sababu katika ukanda wetu, kuanzia pembezoni mwa mji hadi Likasi na Kolwezi, likizo ndiyo wakati ambapo wavulana wa miaka 12 na 13 huonja fedha ya machimbo kwa mara ya kwanza, na aliyeionja harudi darasani kwa moyo mmoja. Mzazi husikia kwamba mtoto “ameenda kwa yaya wake”, yaani kwa kaka au dada yake mkubwa, na haulizi zaidi, kwa kuwa mtoto amerudi na unga na mafuta.

Kwa hiyo ningekuomba jambo moja tu: umgawie siku. Asubuhi awe nawe mezani, na ikifika saa 7 mchana awe huru, acheze, asome, alale, aende uwanjani pamoja na wenzake, mradi kuna mtu mzima anayejua ni uwanja upi. Nusu siku ya kuuza haiui biashara yako, na nusu siku ya utoto ni kitu anachokihitaji.

Niseme pia kuhusu walimu wa nyumbani, kwa kuwa mimi mwenyewe huombwa kazi hiyo. Wazazi wenye uwezo huona kwamba wakimlipa mwalimu aje kila siku kuanzia asubuhi hadi mchana wamepata mlezi na mwalimu kwa bei moja. Mtoto aliyesoma miezi kumi amechoka. Saa moja na nusu ya kusoma na kuhesabu, siku tatu au nne kwa wiki, inatosha, hasa kwa anayeingia darasa la saba, ambaye ghafla atakutana na mwalimu tofauti kwa kila somo na Kifaransa kizito zaidi. Zaidi ya hapo, mwalimu anakuwa amelipwa ili kumkalisha mtoto kitini.

Baba wa zamu

Mimi hufanya kazi Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka nyumbani, kwa zamu ya majuma kadhaa kazini na juma moja la mapumziko. Mke wangu ni muuguzi mwenye zamu za usiku. Watoto wetu wana miaka 14, 12 na 9. Kwa miaka mingi tulitegemea mdogo wa mke wangu, mpaka alipoolewa, na hapo ndipo tulipolazimika kufikiri sawasawa.

Tulizungumza na familia tatu za avenyu yetu ambazo tunasali nazo na watoto wetu wanasoma pamoja. Kila siku ya kazi nyumba moja inapokea watoto wote wa miaka 9 hadi 15, na mtu mzima wa nyumba hiyo anabaki. Kwetu ni siku ambayo mke wangu ametoka zamu akapumzika. Kwa jirani ni bibi. Kwa mwingine ni fundi cherehani anayeshona barazani, na siku ya tano tunamlipa msichana wa chuo kikuu ambaye tunawafahamu wazazi wake. Kila familia huleta unga, maharage au sombe (kisamvu), na makala, kwa kuwa nyumba inayopokea haiwezi kulisha watu tisa kwa mfuko wake. Jambo la chakula likiachwa bila kusemwa waziwazi, mpango huvunjika ndani ya juma la pili. Nimeliona kwa wengine.

Tulikubaliana na masharti kabla ya siku ya kwanza, tukayaandika kwenye daftari linalohama pamoja na watoto. Ndani yake mna majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, namba za simu za wazazi, na ugonjwa wa yeyote aliye nao. Mtoto mmoja ana selimundu, na kila mtu mzima lazima ajue kwamba anatakiwa kunywa maji mengi, asikae kwenye baridi, na akilalamika maumivu apelekwe hospitali bila kusubiri jioni. Mtoto hatumwi kazi ya faida ya mwenye nyumba. Vyombo vinaoshwa na wavulana na wasichana kwa zamu sawa. Hapa palikuwa na ubishi, na akina baba ndio waliobisha, lakini tulishikilia. Hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, awe ni nani, hata kama ni ndugu wa damu wa mwenye nyumba. Sharti hili lilisomwa mbele ya watoto wenyewe, ili wajue kwamba wakiona limevunjwa wana haki ya kusema na wataaminiwa.

Ugumu tulioukuta ni wa kijana wa miaka 15. Yeye hataki kuhesabiwa pamoja na watoto. Ukimwambia “nenda ukaangaliwe” anaondoka nyumbani asubuhi na kurudi anapotaka. Tulimpa kazi yenye heshima, yaani kuendesha mchezo wa mpira wa saa 9 alasiri, kutunza mpira wenyewe, na kumsaidia fundi wa redio na simu kwa saa mbili asubuhi, kwa makubaliano yetu na fundi huyo. Anakuja kula mchana pamoja na wengine, na hapo mtu mzima anamwona. Sisi tunachotaka ni kumwona mara tatu kwa siku na kujua yuko wapi kati ya nyakati hizo. Hatuhitaji akae kitini kutwa.

Nkambo wa Kamalondo

Wanangu, nimesoma nikakumbuka. Sisi tuliokulia kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, na baadaye tukafanya kazi Gécamines baada ya serikali kuitwaa kampuni mwaka 1967, hatukuwahi kuuliza swali hili. Kampuni ilikuwa na shule zake, zahanati zake, viwanja vyake vya michezo, na nyumba za kina mama ambako mabinti walijifunza kushona. Haikufanya hivyo kwa kutupenda. Ilitaka mtoto wa mfanyakazi awe mfanyakazi wa kesho mwenye afya. Hata hivyo mzazi aliposhuka mgodini alijua kwamba mtoto yuko ndani ya kambi, na kila mtu mzima wa kambi alikuwa na mamlaka ya kumrudisha nyumbani. Ilipofika 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaondolewa kwa lile jina la kuondoka kwa hiari, na mambo hayo yote yalikuwa yameshaanza kuporomoka kabla yake. Leo vijana wetu wengi wanafanya kazi kwa kampuni ndogo zilizokodiwa na kampuni kubwa, na sioni ni wapi mtoto anatajwa katika mikataba yao. Naona ni halali kabisa kwa wafanyakazi kulidai jambo hili wanapokaa na waajiri: uwanja, chumba kimoja, walezi wawili, kwa miezi miwili.

Kuhusu desturi ya kuwatuma watoto kijijini au kwa nkambo zao (babu na bibi), Kasenga, Likasi, Kipushi, msiidharau, lakini msiitumie kama mahali pa kutupa mzigo. Mtoto wa miaka 12 anayefika kwa bibi wa miaka 75 anakuwa yeye ndiye mlezi: anachota maji, anakata kuni, anamuuguza bibi. Mwende mwone kwanza. Ulizeni nani mwingine anakaa pale. Asafiri na mtu mnayemjua, akiwa na barua ya mzazi yenye saini na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu barabarani watauliza, na wana haki ya kuuliza. Mpelekeeni bibi fedha ya chakula kabla, asisubiri kuomba.

Msimamizi wa vijana, parokia

Nina maneno machache. Wasalesiani wa Don Bosco, watawa wa Kikatoliki, wako Katanga tangu 1911, na oratori zao hupokea watoto na vijana kwa michezo, nyimbo na mafundisho. Parokia nyingi zina Kiro (chama cha vijana Wakatoliki) na skauti, na makanisa ya Kiprotestanti yana kambi zao za Biblia. Naomba wazazi wajue kwamba shughuli hizi kwa kawaida ni za nusu siku, na kambi ya kulala nje ni ya siku chache tu, kwa hiyo hazijazi miezi miwili. Zipangeni pamoja na mpango wa nyumbani.

Msione haya kutuuliza maswali. Ulizeni msimamizi mkuu ni nani na anapatikana wapi mchana, watoto wangapi wanasimamiwa na mtu mmoja, wasichana wanalala wapi na mwanamke gani mtu mzima yuko nao, maji ya kunywa yanatoka wapi, na mtoto akiumia anapelekwa hospitali gani na kwa fedha ya nani. Msimamizi anayekasirishwa na maswali haya asipewe mtoto, hata akiwa na msalaba kifuani.

Mama wa Katuba

Mwalimu, nimekuelewa. Nusu siku naweza kuijaribu, lakini saa 7 mchana mwanangu atoke sokoni aende wapi? Nyumba iko mbali, na nyumbani hakuna mtu. Nikimwachilia, ataishia pale kwenye maegesho ya taksibasi pamoja na vijana wanaovuta.

Mama wa Kampemba

Mama wa Katuba, swali lako ndilo linaloonyesha pengo lilipo, kwa sababu oratori huwa na watu wengi zaidi alasiri, na mpango wa Baba wa zamu ni wa avenyu moja ambayo watu wake wanafahamiana. Ninyi akina mama mnaouza pamoja mnafahamiana kuliko wakazi wa avenyu nyingi. Kuna watoto wangapi wa umri huo katika mstari wenu wa meza? Wakiwa sita au wanane, mnaweza kuchanga kila mmoja kidogo kwa siku, kama mnavyochanga likelemba (mchezo wa kupeana fedha kwa zamu), mkamlipa kijana mmoja wa chuo au mwalimu asiye na kazi wakati wa likizo, awachukue saa 7 kwa miguu hadi parokia iliyo karibu na kuwarudisha kwenu saa 11, kabla ya kufunga meza. Mnamchagua ninyi, mnajua kwao, na anawarudisha mikononi mwenu.

Kuhusu kumlipa mwanafunzi, nawasihi wote msitazame bei peke yake. Mjaribuni siku mbili mkiwepo. Mwongee na mtu aliyewahi kumfanyia kazi. Kisha waulizeni watoto jioni, kila mmoja peke yake, kwa maswali yanayohitaji maelezo: mlikula nini, mlikaa wapi, nani alikuja, ni nani hukumpenda na kwa nini. Ukiuliza tu “mlikuwa salama?” utajibiwa “ndiyo” na utalala bila kujua chochote.

Na tuwashirikishe kabla ya mpango kukamilika. Binti yangu alipoulizwa alisema haogopi kupika wala kufagia, anachoogopa ni kugonga kwa lango saa za mchana bila kujua kama afungue. Sikuwa nimefikiria lango. Sasa tumekubaliana kwamba lango halifunguliwi kwa mtu yeyote ambaye mama hajapiga simu kumhusu, hata kama anataja jina la baba, na jirani wa upande wa kushoto ana ufunguo wa pili.

Nkambo, wazo lako la kuwadai waajiri naliweka kwa wale walio katika vyama vya wafanyakazi humu. Naomba waseme kama limewahi kuwekwa mezani.

Mama wa Katuba

Katika mstari wetu wako saba. Nimewauliza leo, na watano kati ya mama zao wamekubali kuchanga. Wawili wanasema wataona kwanza. Kijana tunaye, amemaliza mwaka wa pili wa ualimu na mama yake anauza samaki kavu hapahapa. Tatizo lililobaki ni Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku yetu ya wateja wengi na yeye anasema siku hiyo ana mazoezi ya kwaya. Kama kuna mama au baba wa soko la Kenya au Njanja aliyepata mtu wa Jumamosi, aniandikie hapa.